Nyumba ya kumi na mbili: uchambuzi wa kisa cha ofa ya kwanza

Walikuja kwangu wakiwa wameshanuniana. Mke alikuwa na simu yenye picha za nyumba waliyoiona Jumamosi. Mume alikuwa na karatasi ya mahesabu aliyoikunja mara nne. Ilikuwa nyumba yao ya kumi na mbili katika miezi mitano ya kutafuta. Mke alitaka watoe ofa usiku uleule, kwa bei iliyotajwa, bila kupunguza hata senti. Mume alitaka wasubiri. Walishatupiana methali ya haraka na methali ya ngojangoja, na kama kawaida methali zote mbili zilikuwa kweli na hazikuamua kitu.

Kazi yangu ni kukaa na watu kupitia hesabu za mkopo kabla hawajasaini. Ili wenye kisa wasitambulike, na ili hesabu zimfae yeyote popote alipo, fedha zote nimezigeuza: bei aliyotaja muuzaji ni 100, na kila kiasi kingine kinapimwa kwa hiyo.

Hali ilikuwa hivi. Nyumba ilikuwa sokoni wiki tisa. Muuzaji alianza na 106, kisha akashuka hadi 100. Akiba yote ya wanandoa hawa ilikuwa 22. Mkopeshaji alikuwa amekubali kimsingi kuwapa hadi 85% ya thamani, kwa miaka 30, kwa riba ya 7% isiyobadilika. Kodi ya pango waliyokuwa wakilipa ilikuwa 0.42 kwa mwezi, na mkataba wao wa upangaji ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Nyumba tatu zinazofanana na hiyo, mitaa ileile, ziliuzwa ndani ya mwaka kwa 93, 95 na 97. Ile ya 97 ilikuwa nzuri kidogo kuliko hii. Na ukuta wa nyuma ulikuwa na baka la unyevu lenye ukubwa wa mlango.

Sikuwauliza kama nyumba wanaipenda. Niliwapa kila mmoja karatasi na swali moja: ni jambo gani usilolijua leo ambalo unasubiri kulijua, na litajulikana lini? Kila siku ya kusubiri ina gharama yake. Nilitaka kuona siku hizo zitawanunulia nini.

Karatasi ya mke ilikuwa fupi. Aliandika: unyevu wa ukutani. Chini yake: nani mwingine anaitaka. Halafu akaongeza, bila kuulizwa, "sitaki yatokee ya nyumba ya saba."

Nyumba ya saba ndiyo iliyozua kelele zote kati yao. Waliiona mwezi wa tatu wa msako wao, mke akaipenda, mume akasema waendelee kutazama, baada ya wiki mbili ikachukuliwa na mwingine. Tangu hapo mke alikuwa anazipima nyumba zote kwa ile. Haraka yake ya Jumamosi haikuhusu nyumba ya kumi na mbili hata kidogo. Alikuwa anatoa ofa ya nyumba ya saba, ila amechelewa miezi miwili.

Na kwa nini mume alisema waendelee kutazama? Hapo ndipo karatasi iliyokunjwa mara nne ikafunguliwa. Alikuwa na kanuni. Aliisoma mahali fulani na ikampendeza: ukipanga kuona vitu kadhaa kimoja baada ya kingine, tazama kama 37% ya kwanza bila kuchukua chochote, kisha chukua cha kwanza kinachozidi vyote ulivyokwisha kuviona. Alipanga nyumba 30. Asilimia 37 ya 30 ni 11. Nyumba kumi na moja za kwanza, ya saba ikiwemo, zilikuwa za kutazamwa tu. Mkewe hakuwa amejua. Alinyamaza muda, kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo mume wangu, tulikuwa tunapoteza Jumamosi za watu."

Kanuni yenyewe si uongo. Ni hesabu inayojulikana sana, iliyosambaa baada ya Martin Gardner kuiandika mwaka 1960 katika jarida la Scientific American. Shida ni masharti yake, ambayo watu huyaruka wanapoisimulia. Kwanza, inachukulia kwamba hujui chochote kuhusu thamani ya vitu unavyoviona, isipokuwa kipi kimekizidi kipi. Ndiyo maana inakulazimisha kutumia theluthi nzima kama shule. Mnunuzi wa nyumba hana haja ya shule ya namna hiyo: bei za nyumba zilizokwisha kuuzwa zinapatikana, na jioni tatu za kuzisoma zinafundisha zaidi ya Jumamosi kumi na moja. Pili, inahesabu kuwa umeshinda ukipata kilicho bora kuliko vyote 30, basi. Cha pili kwa ubora na cha mwisho kabisa vina alama ileile ya sifuri. Sijawahi kukutana na mtu anayeishi kwa huzuni katika nyumba ya pili kwa ubora. Tatu, inachukulia kwamba ukishakiacha kitu hakirudi. Tutaliona hilo baadaye. Na hata pale masharti yote yanapotimia na usipokosea hatua, kwa vitu 30 nafasi ya kufanikiwa ni kama 38 kwa 100.

Zaidi ya hayo, kwa kanuni hiyohiyo, nyumba ya kumi na mbili isingechukuliwa. Ya saba ilikuwa bora zaidi, wote wawili walikubaliana. Mume alikuwa ameshikilia kanuni inayomwambia aendelee kutazama nyumba nyingine kumi na nane huku mkataba wa pango unaisha.

Tuliiweka kando. Nilirudi kwenye orodha yake ya mambo anayosubiri kuyajua, maana ilikuwa na uzito kuliko nilivyotarajia. Aliandika mambo matatu: riba itashuka, bei itashuka tena, na la tatu, kwa herufi ndogo pembeni, "barua ya kazini."

Nianze na riba, kwa sababu hapa mume hakuwa na makosa kama mkewe alivyodhani. Mke alikuwa na hoja inayosikika kila mahali, kwamba kodi ya pango ni pesa ya kutupa, hivyo kila mwezi wa kusubiri ni hasara. Hebu tuone. Mkopo wa 85 kwa 7% na miaka 30 una rejesho la 0.566 kwa mwezi. Katika mwaka wa kwanza watalipa jumla ya 6.79, kati ya hizo, 5.92 ni riba na 0.86 tu ndiyo inayopunguza deni. Pango la mwaka mzima ni 5.04. Riba nayo hairudi, sawa na kodi inavyokwenda na haionekani tena. Ukiongeza matengenezo na tozo za mwenye nyumba, mwaka wa kwanza wa kumiliki unameza pesa zaidi ya mwaka wa kupanga. Mtu hununua nyumba kwa sababu nyingine nzuri, lakini "kodi ni ya kutupa" isiwe mojawapo.

Kisha hesabu ya mume: riba ikishuka hadi 6% baada ya mwaka, rejesho lilelile la 0.566 litabeba mkopo wa 94.3 badala ya 85. Wakiweka kianzio kilekile cha 15, bei ingelazimika kupanda mpaka kama 109 ndipo faida yote ya riba imezwe. Hiyo ni nafasi kubwa, na nilimwambia mkewe hivyo.

Ila neno linalobeba hesabu yote ni "ikishuka." Hakuna tarehe iliyoandikwa popote. Mtu anayesubiri riba ishuke hajui atasubiri wiki ngapi, na kila wiki inayopita haimwongezei ujuzi wowote wa wiki ijayo. Pia riba ikishuka inashuka kwa wote. Wale walioshindwa kukopa wanarudi sokoni siku ileile na yeye. Kuna na jambo ambalo watu husahau: mkopo unaweza kubadilishwa baadaye kwa kukopa upya kwa riba mpya, ukilipa gharama za kufanya hivyo, lakini bei uliyonunulia huwezi kurudi kuijadili. Kwa hiyo riba ni sababu ya kuchagua mkopo wenye masharti mepesi ya kutoka. Siku ya kutoa ofa isipangwe nayo.

Kuhusu bei kushuka tena, mume alijenga hoja juu ya kwamba imeshashuka mara moja kutoka 106. Lakini 106 ilikuwa nini? Namba aliyoitaka muuzaji. Mwaka 1987 watafiti wawili, Northcraft na Neale, waliwapeleka wanafunzi na madalali wazoefu kwenye nyumba halisi huko Tucson, Marekani, wakawapa maelezo yote yaleyale isipokuwa bei iliyotajwa, ambayo waliibadilisha kati ya kundi na kundi. Makadirio ya wote yaliifuata bei hiyo, na madalali wengi walisema haikuwaathiri. Mume wetu alikuwa anaona 100 kama bei iliyoshuka 6. Mimi niliiona kama bei iliyo juu kwa 3 kuliko nyumba iliyo nzuri kuliko hii.

Je, ingeshuka tena yenyewe? Kumbukumbu za mauzo zilionyesha kwamba muuzaji aliinunua miaka minne nyuma kwa 97. Hilo lilinitia shaka. Utafiti wa Genesove na Mayer, uliotolewa mwaka 2001, ulichunguza wauzaji wa makazi mjini Boston baada ya soko kuanguka, ukaonyesha kwamba wale ambao wangeuza chini ya bei waliyonunulia walitaja bei za juu zaidi, na walikaa sokoni muda mrefu zaidi. Mtu haachii kwa urahisi namba aliyoilipia jasho. Kusubiri muuzaji huyu ajishushe mwenyewe chini ya 97 kungeweza kuchukua msimu mzima. Akishuka, atashuka kwa sababu mtu ameweka ofa mezani.

Ikabaki barua ya kazini. Mkataba wa kazi wa mume ulikuwa unaisha, na uamuzi wa kuhuishwa kwake ungetolewa ndani ya siku kumi na sita. Mke alijua mkataba unaisha. Alidhani kuhuishwa ni jambo lililokwisha. Aliisoma karatasi mara mbili.

Nadhani hili ndilo lililokuwa linamfanya mume ashike riba, na kanuni ya 37%, na bei ya 106. Ni rahisi kusema soko halijatulia kuliko kusema sijui kama nitakuwa na mshahara. Na ndilo jambo pekee kwenye karatasi zote mbili lenye sifa mbili kwa pamoja: jibu lake lina tarehe, na jibu hilo linaweza kubadilisha kila kitu. Unyevu ulikuwa wa pili: siku chache, gharama ndogo, na unaweza kuwa ni mfereji uliotoboka au msingi unaovuta maji, tofauti ya kukarabati ukuta na kukimbia.

Ukuta ulishughulikiwa kwanza. Kaka wa mke ni fundi ujenzi, akaenda siku ya tatu, akamwita mume pembeni: "Shemeji, hili si la msingi. Angalia juu, mfereji wa paa umepasuka, maji yanateremka na ukuta." Niliwataka hata hivyo wamlipe mkaguzi wasiyehusiana naye. Fundi wa nyumbani ni baraka, ila neno lake huwezi kuliweka mbele ya muuzaji na kudai punguzo. Siku ya nne ripoti ilitoka ikisema lilelile, na kukadiria matengenezo ya mfereji na ukuta kuwa 1.5.

Sasa swali likawa moja: watoe ofa siku ya tano, yenye masharti, au wasubiri barua?

Hapa sheria ya mahali inaamua mengi kuliko ushauri wangu, kwa maana neno "ofa" halina uzito mmoja. Uingereza na Wales, kwa mfano, kukubaliwa kwa ofa hakumfungi muuzaji wala mnunuzi mpaka wabadilishane mikataba iliyosainiwa. Ufaransa, mnunuzi wa makazi aliyesaini mkataba wa awali anazo siku 10 za kujitoa bila kueleza sababu. Kwingine saini yako kwenye ofa iliyokubaliwa ni mkataba kamili, na arabuni uliyoweka inapotea ukirudi nyuma. Ofa inayokuacha huru unaweza kuitoa mapema, ungali na maswali. Inayokufunga unaitoa maswali yakishakwisha, au unayaandika maswali hayo ndani ya ofa kama masharti. Mwulize wakili kabla hujamwuliza dalali.

Walikokuwa wao, ofa iliyokubaliwa ilifunga, lakini masharti yaliruhusiwa. Ushauri wangu ulikuwa watoe siku ya tano, kwa sharti la mkopo kuidhinishwa. Mkopeshaji angedai uthibitisho wa ajira kabla ya kutoa fedha. Barua isipokuja, mkopo haupo, ofa inafutika, arabuni inarudi. Mume alikataa. Alisema kumfunga mtu nyumba yake wiki mbili huku wewe unajua huenda huna kazi ni kumchezea. Nilimweleza kwamba sharti limeandikwa wazi na muuzaji yuko huru kulikataa. Akasema, "Ataliona sharti. Hataiona barua." Sikuwa na jibu zuri, na sikulazimisha.

Siku ya kumi na moja dalali akapiga simu. "Mama, kuna mteja mwingine, anaitaka kweli. Nakuambia tu kwa sababu nyinyi mlianza." Mke alinipigia akihema. Nilimwambia amwulize dalali jambo moja: ofa imeandikwa? Jibu likawa kwamba mteja "anajipanga." Watu wengi husikia simu kama hiyo na kuongeza bei papohapo, juu ya ofa ambayo haipo. Hawakuongeza. Lakini niseme nilivyofikiri wakati ule, maana nyumba haikuchukuliwa, na mtu anaweza kudhani walikuwa na hekima kunizidi: ningekuwa mimi ningeweka ofa yenye sharti jioni ile. Simu inaweza kuwa ya kweli. Walibahatika, na bahati nzuri haibadilishi hesabu ya siku ya kumi na moja.

Barua ilikuja siku ya kumi na saba, miaka miwili zaidi. Usiku ule, kabla hawajamwita dalali, waliandika namba mbili kwenye karatasi ileile iliyokunjwa: watakapoanzia, 95, na watakapoishia, 97, kwa kuwa nyumba nzuri kuliko hii ilishauzwa kwa bei hiyo. Siku ya kumi na tisa walipeleka ofa ya 95 iliyoandikwa, ikiambatana na ripoti ya ukaguzi, yenye masharti mawili: mkopo uidhinishwe, na thamani atakayotoa mthamini wa mkopeshaji isiwe chini ya bei. Ingeisha nguvu baada ya saa 72. Muuzaji akajibu 99. Wakarudi na 97, wakasema hapo ndipo mwisho wao. Siku mbili za kimya. Mke hakulala, mume alilala. Muuzaji akakubali, alipata alichonunulia.

Wiki mbili baadaye mthamini akaandika 95.

Mkopeshaji hukopesha kwa kipimo kilicho kidogo kati ya bei na thamani. Asilimia 85 ya 97 ingekuwa 82.45, wao wakichangia 14.55. Asilimia 85 ya 95 ni 80.75, hivyo mchango wao ukaruka hadi 16.25. Pengo la 1.7, taslimu. Sharti la pili liliwapa haki ya kuondoka na arabuni yao, na haki hiyo ndiyo iliyowarudisha mezani. Muuzaji alikataa kata kata kuandika namba iliyo chini ya 97. Lakini alikubali kutengeneza mfereji na ukuta kwa gharama yake.

Piga hesabu uone jinsi mambo yalivyokaa. Gharama za uhamisho, wakili na ada zilikuwa 3. Kwa mpango wa awali, akiba ya 22, ukitoa 14.55, ukitoa 3, ukitoa 1.5 ya matengenezo, inabaki 2.95. Kwa mpango mpya: 22, toa 16.25, toa 3, inabaki 2.75. Tofauti ni 0.2. Muuzaji alibaki na namba yake, wao wakabaki na akiba ya dharura ya marejesho ya miezi mitano. Nisingewaruhusu kushuka chini ya minne, na niliwaambia mapema.

Wakati wakili anashughulikia uhamisho wa hati, nyumba ya saba ilirudi sokoni. Mnunuzi wake alinyimwa mkopo. Dalali aliwatumia picha bila kuulizwa. Bado wangeweza kupoteza arabuni na kuikimbilia. Mume, kwa uungwana ambao sikuutarajia, alimwambia mkewe aende akaione, atakachoamua watafanya. Alikwenda peke yake Jumamosi asubuhi. Nilipomwuliza alisema ni nyumba nzuri, ila jiko ni dogo kuliko alivyolikumbuka, na dirisha ambalo alikuwa akilisimulia miezi yote ile linatazama ukuta wa jirani.